Nusu ya Shamba Kule Mollo

Kwa Fundi Nuhu,
Izia,
Sumbawanga.

Jumapili, 25 Aprili 1993.

Mpendwa mdogo wangu Kashindi,

Assalamu alaikum warahmatullah. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe, wifi yangu Zaituni na watoto wote. Malaria ya Yasini iliishaje? Ulisema amebaki na kikohozi. Mwambie mama yake asimwogeshe jioni, hata kama joto la Dar es Salaam linawatoa jasho mkiwa mmekaa tu. Na ule mguu wa wifi uliokuwa umevimba, umerudi kuwa mguu? Najua nauliza habari za mguu wa Januari tukiwa Aprili, lakini posta unaijua, na dada yako unamjua.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Nuhu kiuno bado kinamsumbua, akiinuka kwenye cherehani anainuka kwa awamu. Mvua zinaaga na asubuhi baridi imeanza kuuma vidole. Nyinyi huko mnalala madirisha wazi, sisi tunagombania blanketi.

Habari njema ni kwamba Feza wetu amejifungua salama kule Mpanda, mtoto wa kike. Wamempa jina langu, maskini mtoto. Nuhu anasema kama amerithi na mdomo, basi mume wake atakuwa mtu wa subira.

Sasa nije kwenye barua yako. Niliipata mwisho wa Januari, nikaisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Umetuambia tufunge nyumba ya Izia tuje kwako. Kuna chumba nyuma ya duka, Nuhu ashone mapazia ya kuuza dukani, mimi nikae na watoto. Ukasema utatuwekea chumba hicho mpaka mvua ziishe, zikiisha utampangisha mtu mwingine. Nakushukuru kwa moyo wangu wote, kwa sababu wapo ndugu wengi waliofanikiwa ambao hawakumbuki hata njia ya kwao.

Lakini ukaongeza maneno haya: "Dada, huko kuridhika na mlichonacho nyinyi mnakuita kinaa, mimi naona ni uzembe uliovaa kanzu." Nilicheka, Kashindi, maana ni maneno ya kuchekesha. Kisha usiku ule nikayasikia tena nikiwa natawadha, na sikucheka.

Nuhu aliniachia mimi uamuzi. Alisema wewe ni ndugu yangu, jibu litoke kwangu. Nikamwambia tuweke sharti moja. Tukipata matuta msimu huu, tunabaki. Tukikosa, tunafunga mizigo tunakwenda kwa Kashindi, na hakuna atakayemlaumu mwenzake. Akakubali. Kwa hiyo unajua sasa kwa nini nimekaa kimya muda huu wote. Nilikuwa nangoja shamba lijibu.

Wewe uliondoka kwetu Kirando, kule ziwani, ukiwa mdogo, unajua samaki kuliko jembe, kwa hiyo ngoja nikueleze. Cherehani ya Nuhu haitulishi tena. Tangu mitumba ijae sokoni, nani atapeleka kitambaa kwa fundi wakati shati limekuja limeshonwa tayari kutoka Ulaya? Tumebaki na shamba la kijijini Mollo. Nalo lilizoea mbolea ya dukani, ile tuliyokuwa tunapata kwa bei ya serikali kupitia ushirika. Siku hizi ruzuku imeondolewa, kila kitu ruksa, na mbolea imekuwa ya wenye nafasi. Mwaka jana mahindi yetu yalikuwa ya njano mpaka nikaona aibu kupita shambani mchana.

Basi wengi huku tumerudia kilimo cha wazee wa Kifipa. Mvua zikiwa bado nzito, unakata ardhi pamoja na majani yake, unayarundika, unayafunika kwa udongo, unapata tuta la duara, refu mpaka magotini. Wenyewe wanaliita ntumba. Majani yanaoza humo ndani yanakuwa mbolea. Juu unapanda maharage, na msimu ukirudi unalibomoa tuta, unalitandaza, unapanda mahindi au ulezi. Mbolea yako ni majani ya Mungu, huhitaji duka.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo inataka watu wengi. Mizizi ya majani ya huku imeshikana kama mkeka. Na watu wa huku wanaitwa kwa pombe. Mwenye shamba anapika pombe ya ulezi, anatangaza siku, majirani wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa, wanaimba, wanarudi kwao. Ndiyo heshima yao tangu enzi za mababu, na hakuna anayekuja kwa uchu tu. Kumwita mtu akulimie bila chungu ni kama kumwita mgeni bila kiti. Sasa sisi Waislamu wachache tunaoishi kati yao tufanyeje?

Mimi nilijaribu. Mwanzoni mwa Februari nilitangaza siku yangu, nikapika togwa pipa zima, wali, na migebuka niliyoagiza kutoka ziwani. Wakaja watu wachache sana. Mmoja ni mzee Adolfu, anayekaa karibu na shamba letu. Alizunguka nyumba ya shambani mara mbili akitafuta kwa macho, kisha akaniuliza kwa upole chungu nimekiweka wapi. Nilipomwonyesha togwa, alilima mpaka mchana kwa aibu, halafu akakumbuka kwamba ana mbuzi aliyepotea. Wali ulibaki. Nilirudi Izia na sufuria kichwani, nimeshindwa hata kumtazama Nuhu.

Shamba linalopakana na letu ni la Valeria, mama yake Isdori. Ni mjane, Mkatoliki wa kweli, tumefahamiana miaka mingi. Aliona yote. Siku iliyofuata alinifuata mpaka nyumbani.

"Mama Feza, nipe ulezi wako," akasema. "Napika mimi, nyumbani kwangu, nawanywesha mimi. Wao wanalima kwako. Wewe hata harufu huisikii."

Nikamwambia, "Mama Isdori, nitajua."

"Utajua nini? Nyumba ni yangu, chungu ni changu."

"Na ulezi ni wangu."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akacheka. "Haya. Mungu wenu mkali."

Nilifikiri sana, usidhani nilijibu kirahisi. Ulezi ulikuwepo ghalani. Mvua zilikuwa zinapita. Ningesema ndiyo, jioni ya siku moja shamba lote lingekuwa limesimama matuta. Nikakataa, na nadhani nilikataa sawasawa. Ila sikukataa kwa unyenyekevu. Nilipita mtaani nimeinua kidevu, nikimwona kila aliyebeba kibuyu kama mtu aliyepotea, na mimi kama walii wa Izia. Kushindwa kwangu nikakuita kinaa. Nikamwambia Nuhu, "Sisi tumeridhika." Nuhu akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Valeria naye akaanza kupika ya kwake. Alipanga siku ya Jumamosi, kabla ya Jumatano ya Majivu, kwa sababu Kwaresima ikiingia yeye hapiki pombe wala haiti watu kwa pombe, ameiweka nadhiri hiyo tangu mumewe alipofariki. Baada ya Pasaka mvua zinakuwa zimekwisha. Kwa hiyo ilikuwa ni siku hiyo au basi. Mollo nzima ilikuwa imeahidi kuja. Nilikuwa nikipita kwake naona vyungu vimepangwa, moyo unanichoma. Nilikuwa nasali, nikisujudu naona matuta ya Valeria.

Ijumaa jioni, mzee Zenon wa hapo Mollo akafariki. Alikuwa mzee wa watu wote. Na huku siku ya maziko hakuna anayeinua jembe, isipokuwa wachimba kaburi. Jumamosi kijiji chote kilikuwa msibani kwa mjane wake, Albina. Pombe ya Valeria ilikuwa imeiva, ikipita siku yake inachachuka. Yeye mwenyewe akasema ipelekwe kwa wafiwa wakawape wageni.

Nami nilikuwepo msibani, nimekaa na akina mama tunachambua maharage. Nikaona vyungu vinaingia, kimoja baada ya kingine, vimebebwa na wale wale waliokuwa waende kumlimia. Kashindi, nilifurahi. Haikuwa furaha kubwa, ilikuwa ndogo tu, ilipita haraka. Lakini niliitambua. Mtu amelala ndani amefunikwa, mjane analia, rafiki yangu amepoteza msimu wake, na mimi niko na maharage mkononi nafurahi.

Niliogopa sana. Sikuogopa watu, hakuna aliyeniona. Niliogopa kwa sababu nilifahamu ile kinaa yangu ilikuwa kitu gani. Niliweza kuridhika na shamba tupu mradi na la jirani liwe tupu. Swala zote hizo, na saumu zote hizo tangu utoto, na ndani mwangu bado kuna mtu mdogo anayepima sahani za wenzake.

Unakumbuka marehemu baba alivyokufanya umchotee maji yule mtoto aliyekutangulia kuhitimu juzuu pale chuoni? Wewe ulilia, ukasema baba anakuonea. Mimi nilikuwa upande wako. Baba alituambia kwamba neema ya mtu ikikuuma, umtaje kwa jina katika dua yako umwombee izidi, kisha ukambebee mzigo kwa mikono yako. Alisema dua peke yake hutuliza ulimi tu, moyo hauamini mpaka uone mikono inafanya kazi. Nimeishi miaka mingi bila kuitumia dawa hiyo hata mara moja, nikidhani ni ya watoto.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima viliingia wiki moja. Sisi tulianza kufunga, kesho yake wao wakapakwa majivu. Usiku wa kwanza, baada ya tarawehe, nilimtaja Valeria. Ulimi ukawa mzito kama umepigwa ganzi. Nikasema, "Ee Mola, mpe Valeria mavuno," na moyo ukaongeza wenyewe, "ya kiasi." Nikaanza upya. Nikarudia mpaka lile neno la moyoni likachoka.

Asubuhi nikachukua jembe nikaenda Mollo. Nikamkuta Valeria peke yake amesimama kwenye majani, jembe begani, anaangalia shamba kama mtu anayeangalia nguo asiyoweza kuinunua.

"Umekuja kunicheka?" akaniuliza.

"Nimekuja kulima."

"Kwa malipo gani? Mimi sina hata togwa."

"Mimi mwenyewe nimefunga," nikamwambia. "Ningekunywa saa ngapi?"

Tukalima. Mdogo wangu, sitakudanganya kwamba ilikuwa ibada tamu. Mikono ilitoa malengelenge. Yeye alikuwa anakula mara moja kwa siku, mimi sili kabisa mpaka jua lizame, na mapumziko yetu yalikuwa mafupi kwa sababu hatukuwa na cha kufanya kwenye mapumziko. Tulikuwa tunakaa tunatazamana midomo mikavu tunacheka. Saa za mchana nilikuwa narudi nyumbani, kwa sababu saumu na jua havipatani.

Na nafsi haikulala. Siku ya kwanza tu iliniambia, "Vizuri, sasa Valeria ana deni, atakulimia na wewe." Nikaiambia inyamaze. Kesho yake ikaja na nyingine, "Watu watasema Mama Feza ana moyo mwema." Hiyo ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ni kweli watu walisema. Kila asubuhi njiani kutoka Izia nilikuwa nabishana nayo, na mara nyingi nilifika shambani bila kujua nani ameshinda. Lakini niligundua kwamba jembe likishaanza, ubishi unapungua. Sijui kama masheikh wanakubali, ila mimi nimejifunza kwamba nia nyingine hunyooka ukiwa umeinama.

Baada ya siku kadhaa, Valeria alivuka mpaka akaanza kukata majani upande wangu. Nikamwambia kwake bado hatujamaliza. Akajibu kwamba ameshindwa kulima anakotazamana na majani yangu, yanamchosha macho. Tangu hapo tukawa tunapokezana, leo kwake, kesho kwangu. Nuhu akaja siku ambazo kiuno kilimruhusu. Hata mzee Adolfu alirudi. Alisema Kwaresima imemwondolea pa kwenda, heri alime.

Idd ikaja, Pasaka ikaja, na mvua zikaanza kuaga. Hatukumaliza. Shamba langu limefika nusu, na la Valeria, ambalo ni kubwa zaidi, nalo nusu na kidogo. Upande mmoja matuta yamekaa yamejaa maharage mabichi, upande wa pili majani yamesimama kama yalivyokuwa tangu mwanzo. Mtu akipita barabarani anaona wazi kabisa mahali tulipoishiwa nguvu.

Ndipo Nuhu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. Sharti letu lilikuwa tukipata matuta tunabaki, tukikosa tunakwenda. Nusu ni kupata au ni kukosa? Nilitembea na swali hilo siku nyingi. Kwa hesabu ya tumbo, nusu maana yake ni kwamba mwakani tutakula viazi kuliko ugali, na tutavaa hizi hizi tulizonazo.

Kuhusu kanzu yako ya uzembe, nimeifikiria vizuri. Upo uzembe unaovaa kanzu, nimeuona, na mimi mwenyewe niliuvaa Februari nilipokuwa nimekaa Izia najisifu kwamba tumeridhika. Lakini mwezi ule wa kufunga sijawahi kufanya kazi vile tangu nizaliwe, na sijawahi kutulia vile. Kwa hiyo siamini tena kwamba anayeridhika ni lazima akae. Naona mtu anaweza kulima mpaka mgongo ulie na bado asidai kwa Mungu zaidi ya alichopewa. Wala sisemi kwamba wewe na duka lako ni walafi. Riziki ya halali ni heshima, na umeipata kwa jasho.

Ila niruhusu neno moja la dada. Barua yako ilikuwa na kurasa tatu. Ndani yake kuna wenzako walioleta makontena, nani kajenga Mbezi, nani kanunua gari, na kwamba siku hizi unalala kwa vidonge. Nimetafuta mtu mmoja tu uliyekaa naye, ukasali naye au ukacheka naye, sikumwona. Siulizi ili nikuumize. Nauliza kwa sababu nimemwona yule mtu mdogo anayepima sahani, na tumezaliwa tumbo moja, huenda na kwako amefika.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Mollo kutazama maharage. Valeria hakuwepo, goti lilikuwa linamuuma. Alasiri ilinikuta huko, nikatandika kanga pembeni ya tuta nikasali, kisha nikakaa kwenye dua kwa muda mrefu kuliko kawaida yangu. Nikamwombea baba na mama. Nikamwombea mtoto wa Feza aliyebeba jina langu, nikamwombea Albina na upweke wake, na goti la Valeria, na wewe, usingizi wako. Nikapangusa uso, nikachukua jembe nikaanza kurudi.

Nilikuwa nimeshatembea sana ndipo nikasimama katikati ya njia. Tangu Januari hapakuwa na dua niliyoinua mikono bila kulitaja shamba. Nililia kwa ajili yake, nilimbembeleza Mungu, nilimtajia Mungu mpaka mipaka yake kana kwamba haijui. Na siku ile nilikaa pembezoni mwake, nusu yake majani matupu mbele ya macho yangu, na sikuliomba. Sikuwa nimejizuia. Nililisahau tu, kama unavyosahau kuomba chakula ukiwa umeshiba.

Nilifika nyumbani nikamwambia Nuhu tumepata.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hatuji. Mpangishe mtu kile chumba, na Mungu akulipe kwa kutufikiria. Bali njoo wewe, mwezi wa Juni, maharage yakiwa makavu. Acha duka kwa wifi siku chache, halitakimbia. Utalala kwetu chini ya blanketi mbili, na asubuhi nitakuamsha kwa nguvu kama zamani.

Nuhu anakusalimu sana, anasema umletee sindano za cherehani, huku zinakuja za kukatika. Valeria anakusalimu bila kukufahamu. Msalimie wifi Zaituni na mguu wake, Yasini, na wadogo zake wote. Ukimwandikia mama mdogo Tausi kule Ujiji, mwambie bado namwombea macho yake.

Mwenyezi Mungu akupe riziki pana, na akupe na usiku wa kuilalia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,

Mwavita.